Bei ya Wimbo Inapimwa kwa Mizani Gani?

Mchumaji wa chai anajua bei ya kazi yake inapimwa wapi. Jani linapandishwa kwenye mizani, karani anasoma kilo, anaandika kitabuni, na kila aliyesimama pale anaona mshale umefika wapi. Akipunjwa, anapunjwa mchana kweupe: karani amekata kilo mbili na kusema ni maji, au amekata kilo moja na kusema ni uzito wa gunia. Ugomvi wa mizani ni wa zamani katika mashamba yetu, na viongozi wa matawi wanajua jinsi ya kuushughulikia.

Safari hii tunataka kuzungumza juu ya wafanyakazi ambao mizani yao haionekani. Hao ni wanamuziki, waigizaji, wapiga picha za sinema, mafundi wa sauti na taa, na waandishi wa michezo ya televisheni. Wengi wetu huwaona kama watu wa starehe tu. Lakini wana mwajiri, wana saa za kazi, wana mkataba, na mali wanayoizalisha inauzwa kama sukari inavyouzwa. Inauzwa kwa bei gani, na bei hiyo nani anaijua? Hapo ndipo penye kisa chetu.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Bei ya mzalishaji ni ile fedha anayopokea mwenye mali mlangoni pa kiwanda, kabla mwenye duka hajaongeza faida yake na kabla ya kodi ya mauzo. Serikali nyingi hupima bei hizi. Huku Uganda, Ofisi ya Takwimu hukusanya bei za viwandani. Wanachukua vitu vilevile kila mara, wanalinganisha bei yake na ya kipindi cha mwanzo ambacho kimepewa namba 100, na jibu linaitwa fahirisi. Ikisomeka 112, maana yake bei zimepanda kwa asilimia 12 tangu mwanzo ule.

Mwajiri anaipenda sana hesabu hii siku ambayo inamsaidia. Anakuja kwenye kikao cha mishahara na karatasi mkononi, anasema bei ya mali yetu imeshuka, fedha ya kuongeza haipo. Mjumbe wa chama asiyejua karatasi ile imetengenezwaje hunyamaza, akadhani hesabu ya serikali haiulizwi swali. Inaulizwa. Na njia nzuri ya kujifunza kuuliza ni kutazama mahali ambapo kupima bei ni kugumu kuliko pote, yaani kwenye filamu na muziki.

Kwa sukari kazi ni nyepesi. Mfuko wa kilo 50 wa mwezi huu ni sawasawa na mfuko wa mwezi ujao. Lakini filamu hutengenezwa mara moja tu. Hakuna anayetengeneza filamu ileile mwezi wa Machi na tena mwezi wa Aprili ili karani wa takwimu apate kulinganisha. Tena mwenye filamu haiuzi kama mfuko. Anauza ruhusa: jumba la sinema limpe sehemu ya fedha za tiketi, kituo cha televisheni kilipe ili kuionyesha mara mbili, nchi nyingine ilipe kwa miaka mitatu. Mali ni ile ile moja na bei zake ni kumi. Kuhusu televisheni ya matangazo, mtazamaji halipi hata senti. Anayelipa ni mwenye sabuni, na anachonunua si kipindi, ni macho ya watazamaji. Kwa hiyo hata kusema mali ni ipi ni shida, kabla hujafika kwenye bei.

Watakwimu wenyewe wamesumbuka na jambo hili muda mrefu. Mwaka 1986 liliundwa kundi la watakwimu wa nchi mbalimbali la kushughulikia hesabu za huduma, na Januari 1987 likakutana mara ya kwanza katika mji wa Voorburg, Uholanzi, ndiyo maana linaitwa Kundi la Voorburg. Katika orodha ya shughuli za uchumi ambayo Umoja wa Mataifa ulitoa mwaka 2008, kutengeneza filamu na vipindi vya televisheni, kurekodi sauti na kuchapisha muziki vimewekwa pamoja katika fungu namba 59. Fungu ni moja, ila vilivyomo havifanani.

Njia zao za kupima ni kadhaa. Wanaweza kumwambia mwenye kampuni: fikiria filamu ya dakika 30, waigizaji wanne, siku tano za kazi, ungeitoza kiasi gani leo, na ungeitoza kiasi gani mwaka ujao? Hiyo ni filamu ya kichwani, na bei yake pia ni ya kichwani. Tajiri akiulizwa angeuza kwa kiasi gani, si lazima jibu lake lilingane na alichouzia kweli. Wanaweza pia kugawanya kazi vipande vipande, wakapima kodi ya studio kwa siku, kodi ya kamera, na kadhalika. Au wachukue mapato yote ya ruhusa wayagawe kwa idadi ya nakala au maonyesho.

Njia ya nne tuiangalie zaidi, maana inatugusa. Ni kupima bei kwa saa: saa moja ya fundi wa kukata na kuunga picha inatozwa kiasi gani. Ni njia rahisi, nayo inatumiwa katika huduma nyingine nyingi. Lakini tazama ubaya wake. Kazi ambayo zamani ilichukua siku tatu kwa mkasi na gundi, leo inaisha kwa asubuhi moja kwenye kompyuta. Mfanyakazi anatoa mali nyingi zaidi kwa saa ileile, na hesabu haimwoni. Ikitokea kiwango cha saa kimepanda kidogo, kitabu kinaandika kwamba bei imepanda, basi. Jasho lililoongezeka halikuandikwa popote. Watakwimu wenyewe wanakiri upungufu huo katika vitabu vyao vya mwongozo. Wanaokaa kimya ni waajiri.

Kuna jambo jingine. Siku hizi kampuni moja hutengeneza filamu na kampuni hiyohiyo ina chombo cha kuionyesha. Disney ilifungua huduma yake ya kuonyesha filamu kwa intaneti Novemba 2019, na filamu zake yenyewe zikaingia humo. Bei hapo ni nini, ikiwa mfuko wa kulia unauzia mfuko wa kushoto? Wenzetu wa mashamba ambao kampuni zao huuza mazao kwa kampuni ndugu ng'ambo wanaijua bei ya namna hiyo. Huandikwa pale inapomfaa mwandishi.

Sasa tuone bei iliyopimwa vibaya inamfanyia nini mtu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1909 iliweka kwamba mtunzi wa wimbo alipwe senti 2 kwa kila nakala ya santuri. Kilikuwa kiwango kizuri kwa siku zile. Kilibaki senti 2 katika vita vya kwanza, katika vita vya pili, na baada yake, mpaka tarehe 1 Januari 1978 kilipofanywa senti 2.75. Ni miaka karibu 69. Lakini kati ya mwaka 1913 na 1977 bei za vitu madukani katika nchi hiyo zilipanda mara sita. Senti 2 za mwaka 1977 zilinunua kile ambacho theluthi moja ya senti ilinunua mwaka 1913. Kwenye karatasi bei ya wimbo haikutikisika, imenyooka kama rula, na mtunzi akawa anakatwa mshahara kila mwaka bila barua yoyote. Kisha jambo lilijirudia: kiwango kilikaa senti 9.1 kuanzia 2006 hadi 2022, kikapandishwa kuwa senti 12 mwaka 2023. Kila mkataba wa miaka mingi usio na kifungu cha gharama za maisha una ugonjwa huu.

Huko angalau kila nakala ilihesabiwa. Solomon Linda wa Afrika Kusini hakuhesabiwa kabisa. Alikuwa mfanyakazi wa kufunga santuri katika kampuni ya Gallo, na mwaka 1939 yeye na kundi lake walirekodi wimbo wa Mbube katika kampuni hiyo hiyo. Haki za wimbo zilikwenda kwa kampuni kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukaimbwa upya Marekani kwa majina mengine, ukaingia katika filamu ya The Lion King mwaka 1994. Linda alikuwa amekwisha kufa tangu 1962, katika umaskini. Familia yake ilifungua kesi mwaka 2004 na kufikia mapatano mwaka 2006. Mtakwimu angeandika nini hapo? Angeandika shilingi 10, mara moja. Baada ya hapo mzalishaji katika vitabu ni mwenye haki, na mwenye haki si aliyeimba. Tunasema hivi ili msomaji akumbuke kwamba neno mzalishaji katika karatasi ya serikali halina maana ya mtu mwenye jasho. Bei ya mzalishaji inaweza kupanda kila mwaka na fungu la mfanyakazi likabaki shilingi 10.

Jirani zetu wa Tanzania walijaribu njia nyingine. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa na bendi yake, NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa Juwata, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wa kupokea mshahara wa mwezi, kama dereva au karani wa chama. Hili lina heshima yake, maana mpiga gitaa alikula hata mwezi ambao ukumbi haukujaa. Lakini mshahara wa mwezi ni bei ya mikono, si bei ya wimbo. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania zikapigwa hewani miaka na miaka, na mwisho wa mwezi mshahara ni uleule. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa huko mwaka 1999. Huku Uganda yetu ni ya mwaka 2006.

Filamu za Bongo za miaka ya 2000 ziliuzwa kwa kanda na diski. Watengenezaji wengi walimpa msambazaji kazi yote pamoja na haki zake kwa malipo ya mara moja, na hawakujua zimetoka nakala ngapi. Mwaka 2013 serikali ya Tanzania ilianza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu. Lengo lilikuwa kodi, lakini stempu ni mizani pia, kwa kuwa zikihesabiwa stempu zimehesabiwa nakala. Bahati mbaya diski nazo zilianza kuondoka sokoni, watu wakahamia kwenye simu.

Na kwenye simu na intaneti ndipo mizani imefichwa kabisa. Zamani televisheni ya Marekani ikirudia mchezo, mwandishi na mwigizaji walilipwa tena. Ni kama bonasi ya wakulima wadogo wa chai wa Kenya, ambao hupata malipo ya kwanza kwa kilo, kisha ya pili baada ya chai kuuzwa. Kuhesabu marudio kulikuwa rahisi, kila mtu aliona mchezo umeonyeshwa Jumanne. Kwenye intaneti filamu iko wazi usiku na mchana, na aliyetazama anajulikana na kampuni peke yake.

Ndipo waandishi wapatao 11,500 wa chama cha WGA wakagoma tarehe 2 Mei 2023, na waigizaji wa chama cha SAG-AFTRA wakafuata tarehe 14 Julai. Ilikuwa mara ya kwanza vyama vya waandishi na waigizaji wa huko kuwa nje pamoja tangu mwaka 1960. Waandishi walikaa nje siku 148, waigizaji siku 118. Walidai mishahara, walidai ulinzi dhidi ya mashine za kuandika. Lakini lipo dai ambalo magazeti mengi hayakulikazia, nalo kwetu ndilo lenye mafundisho mengi: walidai kuonyeshwa hesabu. Katika mkataba wa waandishi kampuni zilikubali kukipa chama jumla ya saa zilizotazamwa za michezo iliyotengenezwa kwa huduma hizo. Na mchezo ukitazamwa na asilimia 20 ya wateja wa ndani wa huduma katika siku 90 za kwanza, mwandishi anapata nyongeza ya nusu ya malipo yake ya marudio. Hesabu hizo chama kinazipokea kwa masharti ya siri. Mwanachama mmoja mmoja hawezi kuzitangaza. Sisi tunaona ni ushindi wa nusu, ila kabla ya hapo hakukuwa na chochote.

Matawi yanayoingia kwenye majadiliano ya mishahara yasikubali karatasi ya fahirisi kabla ya kuuliza bei imechukuliwa kwenye mlango upi, kwa mali ya daraja gani, na kama mnunuzi ni kampuni ndugu. Mwajiri akisema hesabu ni siri, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba amesema hivyo, na nakala iletwe ofisini kabla ya kikao cha pili.