MUME LEICESTER, MKE KOROGWE: Viza ya ndoa au ya kazi?

Ukiolewa na mtu wa majuu, mtaa mzima unaona umeukata. Hapa Manundu wapo walioshaniagiza viatu. Ukweli ni kwamba mimi bado napanda basi kwenda zamu ya uuguzi Handeni, na shemeji yenu anabeba boksi kule Leicester. Mwaka wa tatu huu ndoa yetu ni ya simu.

Ushauri ninapewa bure. Mmoja anasema, “Omba viza ya mke.” Mwingine, “Wewe muuguzi bwana, omba ya kazi!” Wa tatu ndiye hatari: “Peleka zote mbili, itakayotoka ndiyo hiyo.” Jamani, nimelifuatilia hili kwa makini maana ni ndoa yangu. Pateni mchapo kamili.

Tuanze na ya mke. Shemeji yenu ana ukaazi wa kudumu, hivyo anaruhusiwa kunidhamini. Kizingiti ni mshiko. Tangu 2012 mdhamini alitakiwa awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Aprili 11, 2024 wakapandisha hadi 29,000. Yeye anapata 26,000. Mshahara wangu wa Handeni hauhesabiwi hata senti, kwani anayeomba akiwa nje huangaliwa kipato cha mdhamini. Kutumia akiba peke yake ni pauni 88,500. Hapo hata niuze shamba la mkonge, sifiki! Bado kuna mtihani wa Kiingereza, kipimo cha kifua kikuu, na ushahidi kuwa ndoa si usanii: cheti, picha, meseji, risiti za kutumiana pesa. Raha yake ni moja: ukiipata unaruhusiwa kufanya kazi. Huhitaji viza nyingine.

Ya kazi nayo ina mambo yake. Jamaa mmoja alinifuata akiuza “hati ya udhamini” ya kwenda kulea wazee, kwa mamilioni. Nikamwambia kaka, asante, nenda salama. Mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje ulifungwa Julai 22, 2025. Muuguzi bado ana nafasi, ila asajiliwe na baraza lao, afaulu mitihani, apate mwajiri mwenye leseni. Tena Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zenye upungufu wa wahudumu wa afya, kwa hiyo mawakala hawatakiwi kuja kuwinda wauguzi huku. Muuguzi mwenyewe anaweza kuomba moja kwa moja.

Sasa kwa nini nisipeleke zote? Kwanza, kila fomu ina ada yake, na pasipoti ni moja. Pili, huwezi kuishi kule kwa viza mbili. Tatu, miaka 5 ya kuelekea ukaazi wa kudumu kama mke haichanganywi na miaka ya viza ya kazi. Nne, kuna wanaoficha ndoa kwenye fomu ya kazi ili waonekane hawana mwenyewe. Uongo ukigundulika, unaweza kufungiwa miaka 10. Miaka 10, jamani! Hapo ndoa itabaki na nini?

Tumekubaliana hivi: yeye anatafuta kazi yenye malipo zaidi, mimi nasoma mitihani ya uuguzi usiku. Itakayotangulia kukamilika ndiyo tutakayoiomba, moja tu, na kwa ukweli mtupu.

Nawe dada, kabla hujauza hata kuku, muulize huyo bwana: “Baba, kibali chako ni cha aina gani?” Maana walioingia kama walezi wa wazee tangu Machi 11, 2024 hawaruhusiwi kuleta mke wala watoto. Akianza kujiumauma, funga pochi kwanza. Mapenzi yatasubiri jibu.