Kosa la kwanza: Nani abebe lawama katika kisa cha Adamu na Hawa?

Katika vijiji vya Bulumbi, wilaya ya Busia upande wa Uganda, kisa cha Adamu na Hawa si kigeni kwa mtu. Husomwa kanisani, hutajwa harusini, na hurudi tena matangani pale mfiwa anapouliza kwa nini binadamu hufa. Mara nyingi jibu huwa fupi: mwanamke alikula tunda.

Jibu hilo fupi lina uzito wake. Binti anayelisikia tangu utotoni hujifunza kwamba kifo, uchungu wa uzazi na jasho la shambani vilianzia kwa mtu wa jinsia yake. Je, kisa chenyewe ndivyo kinavyosema?

Maandishi yanasema nini?

Kisa kimo katika sura ya pili na ya tatu za kitabu cha Mwanzo. Anayekisoma polepole hushangaa kwa yale asiyoyakuta. Hakuna tofaa, bali tunda lisilotajwa jina. Marabi wa kale walijadili iwapo lilikuwa zabibu, tini au hata ngano. Wazo la tofaa lilienea Ulaya ya Magharibi, na huenda lilichangiwa na Kilatini, ambamo neno la tofaa na neno la uovu hufanana.

Wala Shetani hatajwi. Nyoka anaelezwa kuwa mnyama mwerevu kuliko wenzake, na kumfananisha na Ibilisi kulikuja katika maandishi ya baadaye. Hata neno dhambi halimo katika sura hiyo. Linaonekana kwa mara ya kwanza katika sura ya nne, Kaini anapomwonea wivu ndugu yake Habili.

Kuna jambo jingine ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Agizo la kutokula lilitolewa kwa mwanamume kabla mwanamke hajaumbwa, na mwanamke alipokula, mumewe alikuwa pamoja naye. Wanaolaaniwa kwa neno lenyewe ni nyoka na ardhi. Mwanamume na mwanamke wanaambiwa taabu zitakazowapata, lakini neno laana halitamkwi juu yao.

Dini tatu, tafsiri mbalimbali

Wayahudi, ambao ndio wenye maandishi haya kwanza, kwa kawaida hawafundishi kwamba mtoto huzaliwa na hatia ya Adamu. Kwao binadamu ana maelekeo mawili, la wema na la uovu, naye huchagua, na akikosea hurejea kwa toba. Mtu wa Bulumbi hahitaji kwenda Jerusalem ili kukutana na mapokeo hayo. Akishika njia ya kaskazini kupitia Tororo, atafika Mbale, ambako jamii ya Abayudaya ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919.

Miongoni mwa Wakristo, fundisho la dhambi ya asili lilipata sura yake mashuhuri kwa Mwafrika: Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi inayoitwa leo Algeria. Alifundisha kwamba kosa la Adamu hupita kwa wanadamu wote kwa njia ya kuzaliwa. Mtaguso wa Trento ulithibitisha fundisho la dhambi ya asili kwa Wakatoliki mwaka 1546, na Waanglikana nao wanalo katika kanuni zao za imani. Waorthodoksi, walioko pia Uganda na Kenya, husisitiza kwamba tulirithi kifo na udhaifu, si hatia. Kabla yao wote, Irenayo wa Lyon, katika karne ya pili, aliwaona Adamu na Hawa kama watoto waliokuwa bado hawajakomaa.

Nyaraka za Agano Jipya zenyewe hazisemi kwa sauti moja. Waraka kwa Warumi, unapoeleza jinsi dhambi ilivyoingia ulimwenguni, unamtaja Adamu peke yake. Waraka wa kwanza kwa Timotheo ndio unaokaza kwamba aliyedanganywa ni mwanamke.

Katika Kiswahili, kisa hiki kina historia ya pekee. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, akisaidiwa na kadhi. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Kwa hiyo kisa cha kosa la kwanza ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiswahili kupigwa chapa.

Kadhi huyo alikijua kisa kwa namna nyingine. Katika Qurani, Shetani anawatelezesha wote wawili, na katika sura ya Twaha anayenong'onezwa ni Adamu. Wote wawili wanakiri kuwa wamejidhulumu, na toba inapokelewa. Hakuna deni linalobaki kwa watoto wao.

Visa vya jirani

Kabla ya vitabu hivi kufika, watu wa eneo hili walikuwa na majibu yao kuhusu asili ya kifo. Baganda husimulia juu ya Kintu na mkewe Nambi, walioagizwa waondoke mbinguni bila kugeuka nyuma. Nambi alikumbuka ulezi wa kuku wake, akarudi kuuchukua, na kaka yake Walumbe, ambaye ndiye Kifo, akamfuata hadi duniani. Hapa pia mwanamke ndiye anayelaumiwa.

Lakini Babukusu, ambao ni jamaa wa Wasamia na Bagwe kwa lugha, wana kisa kingine. Kinyonga alifika nyumbani kwa mwanamume wa uzao wa Mwambu, mtu wa kwanza, akamkuta anakula. Aliomba chakula, akafukuzwa. Akasema kwamba tangu siku hiyo watu watakufa. Kisha akaenda kwa nyoka, aliyemkaribisha na kumlisha, naye akambariki awe anajivua gamba na kuendelea kuishi.

Katika kisa hicho kosa ni kumnyima mgeni chakula, mkosaji ni mwanamume, na nyoka ndiye mkarimu.

Mwanazuoni wa Kenya John Mbiti, aliyefundisha Makerere, alikusanya visa vingi vya namna hii. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 alibainisha kwamba visa vya Afrika hueleza jinsi binadamu alivyompoteza Mungu na uzima, lakini havitoi njia ya kurejesha kilichopotea. Kwa maoni yake, hapo ndipo dini zilizokuja zilipoleta neno jipya.

Swali linalobaki

Tangu mwaka 1989, wanateolojia wanawake wa Afrika waliokutana Accra, akiwemo Mkenya Musimbi Kanyoro, wamekuwa wakihimiza Biblia na mila zisomwe upya kwa pamoja, ili kisichoandikwa kisigeuzwe kuwa sheria juu ya wanawake.

Kisa cha Mwanzo chenyewe kinawapa hoja. Mungu hafiki bustanini akiwa na hukumu mkononi, bali anaanza kwa kuuliza. Mwanamume anajibu kwa kumsonta mwanamke, na hata kumkumbusha Mungu kwamba ndiye aliyempa mwanamke huyo. Mwanamke naye anamsonta nyoka. Hakuna anayesema, "Ni mimi," bila kuongeza jina la mwingine.

Kwa hiyo, anayesimama matangani na kusema kwamba mwanamke ndiye aliyetuletea kifo hafafanui kisa. Anarudia utetezi wa Adamu, na katika kisa hicho, utetezi huo haukumwokoa.