Swali Kwanza, Sindano Baadaye

Mgonjwa mahututi anapohema kwa shida, daktari huhitaji kujua mambo matatu kwa haraka: damu yake ina oksijeni kiasi gani, hewa ya ukaa imerundikana kiasi gani, na asidi imepanda kiasi gani. Kwa miongo mingi majibu yote matatu yametafutwa kwenye ateri, mshipa unaodunda kwenye kifundo cha mkono. Kuchoma hapo kunauma kuliko kuchoma vena, kwa kuwa ateri imejificha chini zaidi na inahitaji mkono uliozoea. Mara chache huacha damu iliyovia au donge linaloziba mshipa. Vena, kwa upande wake, huchomwa kwa vyovyote, maana mgonjwa wa namna hiyo hakosi kutolewa damu ya vipimo vingine. Ninachotetea hapa ni kwamba mshipa wa kuchoma uchaguliwe na swali lililopo mbele ya daktari, usichaguliwe na mazoea.

Tuanze na asidi. Mwaka 1952, polio ilipolipuka Copenhagen, madaktari walikuta hewa ya ukaa (kabonidayoksaidi) nyingi katika damu ya wagonjwa wakadhani ni alkali iliyozidi. Daktari Bjørn Ibsen alishikilia kwamba wagonjwa walikuwa wakishindwa kuitoa hewa hiyo kwa pumzi, na kipimo cha pH, namba inayoshuka asidi inapozidi, kikampa haki. Tangu hapo pH imekuwa nguzo ya tiba ya mahututi, na nguzo hiyo husomeka vizuri kwenye vena pia. Kwa kawaida pH ya vena huwa chini ya ile ya ateri kwa takriban 0.03 tu, na bikaboneti hupishana kwa kama milimoli 1 kwa lita. Tofauti ndogo hivyo haibadilishi matibabu ya mgonjwa wa kisukari ambaye damu yake imejaa asidi. Ndiyo maana miongozo ya Uingereza inakubali damu ya vena kwa mgonjwa huyo.

Wapo watakaouliza: na oksijeni je? Pingamizi hilo ni la haki. Shinikizo la oksijeni katika ateri ya mtu mzima mwenye afya huwa kati ya milimita 80 na 100 za zebaki, lakini katika vena hushuka hadi karibu 40, kwani tishu zimekwisha kuchukua mgao wao. Hapa vena haina jibu. Kifaa cha kubana kidoleni kinachokadiria oksijeni husaidia, ila nacho kina kasoro inayotugusa sisi wenye ngozi nyeusi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulichunguza wagonjwa waliosomeka asilimia 92 hadi 96 kidoleni: miongoni mwa Weusi, asilimia 11.7 ya vipimo vilificha upungufu mkubwa wa oksijeni, dhidi ya 3.6 kwa Wazungu. Kwa hiyo namba ya kidoleni isipolingana na hali ya mgonjwa, ateri ichomwe bila kusita.

Hewa ya ukaa inataka uangalifu zaidi. Kwa wastani huwa juu katika vena kwa kama milimita 5, lakini mgonjwa mmoja mmoja anaweza kuuacha wastani huo mbali sana. Vena ikisoma chini ya 45, ni nadra sana ateri kuficha mrundikano. Ikisoma juu ya hapo, ateri ithibitishe. Damu isipozunguka vizuri, pengo hutanuka. Mwaka 1986 mtafiti Max Harry Weil na wenzake waliwapima wagonjwa 16 waliokuwa wakikandamizwa kifua baada ya moyo kusimama: pH ya ateri ilikuwa 7.41, ya vena karibu na moyo 7.15. Ateri peke yake ingemtuliza daktari huku tishu zikizama kwenye asidi. Basi ateri hueleza kazi ya mapafu, vena hueleza hali ya tishu baada ya kulishwa, na mgonjwa aliye katika mshtuko, yaani ambaye damu yake haizunguki vizuri, anastahili kusikilizwa kwa zote mbili. Mwingine asiye na mshtuko wala shaka ya oksijeni aepushwe maumivu yasiyomwongezea jibu lolote.