Je, Wajua? Udhamini wa Masomo kwa Jina la Anita Borg

Anita Borg, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, hakuanzia darasani. Alijifundisha mwenyewe kuandika programu akiwa mfanyakazi wa kampuni ndogo ya bima, na mwaka 1981 akapata shahada ya uzamivu New York University.

Mwaka 1987, katika mkutano wa wataalamu wa mifumo ya kompyuta, aliona jinsi wanawake walivyokuwa wachache ukumbini. Hakuishia kusikitika. Aliwaunganisha kwa barua pepe, wakaulizana maswali ya kazi na kupeana moyo, wakati ambapo watu wengi duniani hawakuwa hata na anwani ya barua pepe! Mwaka 1994, yeye na mwanasayansi mwenzake Telle Whitney walianzisha kongamano la wanawake wa kompyuta, wakaliita kwa jina la Grace Hopper, mwanasayansi wa kompyuta aliyewatangulia.

Saratani ya ubongo ilimuua Aprili 2003, akiwa na miaka 54 tu. Mwaka uliofuata, Google ilianzisha udhamini wa kumkumbuka, kwa wanawake wanaosomea kompyuta vyuoni. Ulianzia Marekani, na baadaye milango ikafunguliwa kwa wanafunzi wa mabara mengine, Afrika ikiwemo.