Sheria ya Malkia Anne ya Kuwasaidia Makasisi Maskini

Kila mtu aliyewahi kupeleka mahindi ya kwanza ya shamba lake kanisani analijua neno malimbuko. Lakini huko Uingereza zamani malimbuko yalikuwa kodi. Kasisi alipopewa mtaa alilipa mapato yake ya mwaka wa kwanza, na baada ya hapo sehemu moja katika kumi kila mwaka. Fedha hizo zilikwenda kwa Papa wa Roma. Mfalme Henry VIII alipoachana na Papa hakuifuta kodi hiyo, bali katika mwaka 1534 aliifanya yake mwenyewe kwa sheria ya Bunge, na mwaka uliofuata akaamuru mali yote ya Kanisa ihesabiwe.

Basi makasisi walitozwa na Mfalme, hali wengi wao walikuwa mafukara. Sababu kubwa ni kwamba nyumba za watawa zilipovunjwa, zaka za mitaa mingi ziliangukia mikononi mwa watu wasio makasisi, na yule aliyehubiri aliachiwa makombo. Askofu Gilbert Burnet wa Salisbury aliandika kwamba mitaa iliyopata chini ya pauni 20 kwa mwaka ilihesabika kwa mamia, na ile iliyopata chini ya pauni 50 kwa maelfu. Tena alinung'unika kuwa Mfalme Charles II alikuwa akizigawa fedha za malimbuko kwa hawara zake na watoto aliozaa nao.

Burnet ndiye aliyeshauri fedha hizo zirudishwe kwa makasisi. Mwezi wa Februari 1704, wakati wa kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa, Malkia Anne aliliarifu Bunge kwamba ameziachilia. Bunge likapitisha sheria, na Novemba mwaka ule ule ikatolewa hati ya kuwaweka wasimamizi wa mfuko huo, ulioitwa Fadhila ya Malkia Anne. Mapato yake yalikuwa kama pauni 16,000 au 17,000 kwa mwaka.

Huenda msomaji akadhani kwamba kila kasisi maskini aliletewa posho yake mara moja. Sivyo. Misaada ya kwanza ilitoka mwaka 1714. Wasimamizi hawakutoa mishahara. Walitoa pauni 200 kwa mtaa mmoja, na fedha hizo zilipasa kununua ardhi, ili kodi ya ardhi imfae kasisi yule na warithi wake daima. Kama tajiri alijitolea kutoa pauni 200 nyingine, mtaa huo ulitangulizwa. Mitaa mingine, ile iliyopata chini ya pauni 10, ilipigiwa kura. Mtu aliyeikosa alingoja kura nyingine. Kwa hesabu ya vitabu utaratibu huu ulikuwa wa busara, maana mali haikuliwa ikaisha. Lakini kwa kasisi mwenye watoto wenye njaa ulikuwa mrefu mno. Baadaye Bunge lenyewe lilikiri kwamba mfuko haukutosha, likauongezea pauni 100,000 mara kumi na moja kati ya mwaka 1809 na 1820.

Liko jambo jingine ambalo haifai kulificha. Ardhi ya kufaa haikupatikana upesi, na katika karne ya 18 wasimamizi waliweka sehemu kubwa ya fedha katika hati za Kampuni ya South Sea, zilizoleta riba kila mwaka. Kampuni hiyo ilisafirisha Waafrika 34,000 hivi utumwani, kuwapeleka makoloni ya Wahispania huko Amerika. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba hati zile zilikuwa deni la Serikali tu, wala hazikuhusiana na biashara ile. Wakuu wa mali ya Kanisa hawakukubali kujitetea hivyo.

Wakuu hao ni Makamishna wa Kanisa, ambao chombo chao kiliundwa tarehe 1 Aprili 1948 kwa kuunganisha mfuko wa Malkia Anne na tume nyingine ya mali za Kanisa. Januari 2023 walichapa taarifa juu ya asili ya fedha hizo, wakaomba radhi, wakatangaza kutenga pauni milioni 100 kwa ajili ya jamii zilizoumizwa na utumwa. Ama kodi ya malimbuko yenyewe, iliyoanza kwa Papa, ilikwisha kufutwa mwaka 1926.