Santuri za Shelaki na Uchunguzi wa Matamshi

Wachunguzi wa Kiswahili wamezoea kuitafuta lugha ya zamani katika miswada ya hati za Kiarabu na katika kamusi za wamisionari. Santuri wameachiwa wakusanyaji, watu ambao aghalabu hupenda zaidi nambari na nembo kuliko maneno yanayoimbwa. Mgawanyo huo wa kazi una hasara. Sahani iliyotiwa sauti mwaka 1928 ni hati ya lugha sawasawa na mswada, ila ina tabia moja mbaya: huliwa na yule anayeisoma.

Sababu imo katika maumbile yake. Shelaki ni utomvu wa mdudu mdogo wa Bara Hindi na nchi za mashariki yake, ule ule uliotumika katika lakiri ya kufungia barua. Katika sahani ulifanya kazi ya gundi tu. Sehemu kubwa ilikuwa unga wa mawe, pamoja na masizi ya kuitia weusi. Unga huo uliichonga sindano ya chuma hata ncha yake ikalingana na mfuo, na ndiyo maana watengenezaji waliagiza sindano ibadilishwe kila upande. Sindano iliyokwisha kuchongeka, ikirudiwa, nayo huuchonga mfuo. Kichwa cha gramafoni ya kamani hulemea kwa zaidi ya gramu 100. Kinachotangulia kufutika ni sauti za juu, nyembamba.

Hapo ndipo mwanafonetiki anapoguswa. Kabla ya mwaka 1925, mwimbaji aliimba mbele ya pembe, na sahani ilishika kwa shida sauti zinazopita mitetemo 2,500 kwa sekunde. Kipaza sauti cha umeme kilipoingia, kikomo kilipanda hata kufika karibu 6,000. Irabu zote tano za Kiswahili hukaa vizuri chini ya kikomo hicho. Urefu wake na mkazo wa silabi husikika bila taabu. Lakini sehemu kubwa ya mkwaruzo unaotenganisha *s* na *th*, au *z* na *dh*, iko juu zaidi, palepale ambapo uchakavu huanza. Kwa hiyo anayedai, kwa ushahidi wa sahani peke yake, kwamba mwimbaji fulani alisema *s* mahali pa *th*, huenda anaeleza hali ya sindano na si lahaja ya mwimbaji.

Mswada wa hati za Kiarabu una kasoro iliyo kinyume kabisa. Hutenganisha *th* na *s* kwa herufi mbili zisizofanana, ila katika uandishi wa zamani *e* na *i* hutumia alama moja, na *o* na *u* vivyo hivyo. Basi kilichofichwa na mwandishi hufichuliwa na santuri, na kilichofichwa na santuri kimo katika mswada. Ni ajabu kwamba hati mbili zinazokamilishana hivi hazisomwi pamoja mara nyingi zaidi.

Mfano ulio bora ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyekwenda Bombay na wenzake mwaka 1928 kutia sauti katika santuri za kampuni ya His Master's Voice. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu ilipata umaarufu mpya kwa Kiswahili, na sahani ziliuchukua mbali. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, lakini matamshi ya Siti hayamo kitabuni. Hata hivyo sahani nayo isiaminiwe katika kila jambo. Upande mmoja wa sahani ya inchi kumi hauzidi sana dakika tatu, ilhali barazani wimbo huenda kwa kadiri wasikilizaji wanavyotaka. Beti zisizosikika katika sahani huenda zilikuwapo. Zilikosa nafasi tu.

Santuri hazikubaki pwani, kwa kuwa gramafoni ya kamani haikuhitaji umeme. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi kwa Wakipsigis wa Kapkatet nyimbo zilizoitwa "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, lililofika huko kwa santuri. Katika Kikipsigis vipasuo havitofautishwi kwa ughuna, hivyo *j* ya Kiingereza ikawa *ch* mwanzoni na tena katikati ya jina. Na huenda kiambishi kilichomo katika majina kama Chebet kilisaidia neno lipate sura ya kienyeji. Hapa santuri haikuhifadhi neno, ililizaa.

Kwa sababu ya kutembea huko, sahani ya Bombay ikionekana katika mji wa soko kama Kimana, katika Kajiado, mbali na bahari, mahali ilipopatikana hapathibitishi lolote juu ya lahaja iliyomo. Kibandiko cha karatasi hufifia au hubanduka. Kitu cha kusoma kwanza ni nambari iliyopigwa katika duara tupu linalokizunguka, maana hiyo humwongoza mchunguzi kwenye daftari za kampuni. Jambo la pili ni mwendo. Sahani iliyorekodiwa kwa mizunguko 80 kwa dakika ikichezwa kwa 78, kila sauti hushuka kwa 2.5 kwa mia, na vipimo vya irabu hushuka vivyo hivyo. Anayechapisha vipimo hivyo hana budi kutaja mwendo alioutumia.

Joto na vumbi la nyanda hizo pia si rafiki wa shelaki. Sahani zisimamishwe wima, mbali na jua, na kamwe zisifutwe kwa spiriti, kwani spiriti huyeyusha shelaki. Zichezwe kwa kichwa chepesi cha umeme chenye sindano pana iliyokusudiwa mifuo ya zamani, na sauti inakiliwe mara ya kwanza ile ile. Marudio yote ya kunukuu maneno yafanywe kwa kusikiliza nakala.