Kuunganisha mirija ya mbegu: Anachopaswa kutarajia mwanamume

MWANAMUME anayekubali kufungwa kizazi kwa njia ya vasektomi huambiwa na daktari kwamba uamuzi huo ni wa kudumu. Hata hivyo, mambo hubadilika. Huenda akafiwa na mtoto, ndoa ikavunjika, au akaoa mke mwingine ambaye hajajaliwa mtoto. Hapo ndipo huanza kuuliza iwapo kilichokatwa chaweza kuungwa.

Jibu la wataalamu ni kwamba chaweza, ila kuunga ni kazi ngumu zaidi kuliko kukata.

Vasektomi huchukua takriban nusu saa na mhusika hutiwa ganzi sehemu hiyo tu. Upasuaji wa kuunganisha mirija nao huchukua kati ya saa mbili na nne, aghalabu mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya nusukaputi.

Ugumu huo hutokana na udogo wa kinachoshonwa. Kwa nje, mrija unaosafirisha mbegu kutoka kwenye korodani una upana wa milimita mbili au tatu hivi, lakini tundu lake la ndani halifiki hata nusu milimita. Nyuzi zinazotumika ni nyembamba kuliko unywele, na mpasuaji hufanya kazi akitazama kupitia hadubini, mbinu iliyoanza kushika kasi katika miaka ya 1970. Mshono ukivuja, kovu huota na kuuziba mrija upya.

Jambo ambalo wengi hawaelezwi mapema ni kwamba aina ya upasuaji huamuliwa mgonjwa akiwa tayari kitandani. Baada ya kuondoa sehemu yenye kovu, daktari hukamua tone la majimaji kutoka katika ncha iliyo upande wa korodani na kulipima papo hapo. Likiwa na mbegu, au likiwa maangavu kama maji, ncha mbili huunganishwa moja kwa moja.

Lakini majimaji yakiwa mazito mithili ya dawa ya meno, na hayana mbegu hata moja, ni dalili kwamba shinikizo la miaka mingi limesababisha kizibo kingine nyuma, ndani ya epididimisi, yaani kijirija kilichojikunja juu ya korodani ambamo mbegu hukomaa. Hapo sharti mrija uunganishwe na epididimisi yenyewe, kazi ambayo si kila mpasuaji anaimudu. Ndiyo sababu mgonjwa anapaswa kumuuliza daktari wake mapema iwapo anaweza kufanya upasuaji wa aina zote mbili. Swali hilo ni muhimu kuliko hata lile la gharama.

Muda uliopita tangu vasektomi ifanywe nao una uzito mkubwa. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mnamo 1991, uliohusisha wanaume 1,469, ulionyesha kuwa miongoni mwa waliorudi kabla ya miaka mitatu, asilimia 97 walipata tena mbegu na wake wa asilimia 76 wakashika mimba. Kwa waliokaa miaka 15 au zaidi, idadi hiyo ilishuka hadi asilimia 71 na 30.

Pengo kati ya takwimu hizo ndilo huwavunja moyo wengi. Mbegu zaweza kurejea na mimba isitungwe, kwa sababu huenda hazina kasi, au mwili umeunda kingamwili zinazozishambulia. Isitoshe, kuna umri wa mke. Uwezo wa mwanamke kushika mimba hupungua hasa baada ya miaka 35, kwa hivyo ni busara naye apimwe kabla mumewe hajapasuliwa. Kwa baadhi ya wanandoa, njia bora ni mbegu kutolewa moja kwa moja kwenye korodani na kutungishwa na yai katika maabara. Njia hiyo pia ni ghali, na hurudiwa kila mtoto anapotafutwa, ilhali mirija iliyofunguka yaweza kuwapa watoto kadhaa bila kurudi hospitalini.

Wengi huruhusiwa kwenda nyumbani siku iyo hiyo. Uvimbe, maumivu na ngozi kuvilia damu ni mambo ya kawaida. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa na chupi inayobana husaidia. Mwenye kazi ya ofisini aweza kurejea baada ya wiki moja hivi, lakini mpakuzi wa magunia sokoni au mwendeshaji wa baiskeli atalazimika kusubiri wiki tatu au nne. Tendo la ndoa nalo husubiri hadi daktari aruhusu. Homa, usaha au uvimbe unaozidi kukua ni sababu ya kurudi hospitalini mara moja.

Nguvu za kiume haziguswi, kwa kuwa homoni hupitia kwenye damu wala si kwenye mirija hiyo.

Shahawa hupimwa baada ya wiki kadhaa, kisha vipimo hurudiwa kila baada ya miezi michache. Kwa waliounganishwa kwenye epididimisi, mbegu zaweza kuchukua hata mwaka mzima kuonekana. Wapo pia ambao mbegu hurejea, kisha hutoweka tena kovu linapoziba mrija. Kutokana na hatari hiyo, madaktari wengine hushauri baadhi ya mbegu zigandishwe na kuhifadhiwa mapema.